Paja la Guracha

Sericho,
14 Januari 2024

Ndugu yangu Mamo,

Assalamu aleikum, wewe na Saadia na watoto. Abdub wa pikapu ameniambia Saadia amejifungua msichana, na kwamba ana nywele nyingi kama za mama yetu. Nilicheka kidogo aliposema hivyo. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu.

Sisi tuko. Mto umerudi mahali pake na matope yamekauka. Golicha alichukua ngamia waliobaki akaenda malisho ya mbali, siku ileile barabara ilipofunguka. Anasema huko kuna majani. Hata hapa kuna majani, lakini mume wangu sasa hawezi kukaa ndani ya hii nyumba, na mimi simlaumu.

Usinipigie simu. Ile simu nimempa jirani yangu Istahil. Ndiyo iliyoniletea sauti ya mtu nisiyemjua, mwezi wa Novemba, akisema kijana aliyekuwa akivusha mbuzi juu huko, upande wa Merti, amechukuliwa na maji pamoja na mbuzi. Sitaki tena kitu kinacholia sikioni mwangu. Na nikikusikia wewe nitalia, na nikilia watu watasema nimekubali. Sijakubali. Mtu ambaye mwili wake haujaonekana ni mtu aliye safarini. Kwa hivyo tuandikiane kwa Kiswahili kama shuleni, maana Kiborana chetu hakuna aliyetufundisha kukiandika.

Ninalotaka ni hili. Guracha, yule mbwa mweusi wa mwanangu Halkano, alirudi peke yake baada ya mafuriko. Alifika amekonda, mguu wa nyuma wa kulia ameuinua. Sikumjali. Unajua mimi na mbwa. Tangu utoto sijawahi kumgusa mmoja. Lakini sasa namwangalia kila siku, na mguu hauponi. Hakuna kidonda na mfupa haukuvunjika. Goti ndilo limevimba. Akisimama anagusa chini kwa ncha za vidole tu. Na cha ajabu, nikimtazama kwa nyuma, paja moja ni la mviringo, limejaa, na lile lingine limekuwa bapa kama la mbuzi wa kiangazi. Goti ndilo limeumia, mbona nyama ya paja ndiyo inayoisha?

Wewe ni daktari wa mifugo. Niambie nifanye nini. Nataka atembee, Mamo. Yeye ndiye aliyekuwa na Halkano. Akipona atanipeleka mahali alipomwacha.

Dada yako,
Halimo


Burat,
9 Februari 2024

Dada Halimo,

Waaleikum salaam. Mtoto tumemwita Kabale, jina la mama. Saadia anaendelea vizuri. Wale wakubwa wamerudi shule, na nyumba ina kelele za kutosha.

Samahani kwa kuchelewa. Mwezi wa kwanza wote nilikuwa Merti na vijiji vya kando ya mto, na timu ya kuchanja mbuzi. Niliporudi nilikuta barua yako mezani, na siku zilizofuata sikuwa mzima. Kalamu ilikuwa nzito.

Mimi najua ngamia na mbuzi. Mbwa siwajui sana, kwa hivyo nilikwenda kwa Daktari Kinanu, yule mama Mmeru anayetibu mbwa wa walinzi hapa mjini. Nilimsomea maneno yako. Aliuliza, "Akikaa, anakunja mguu vizuri au anautupa kando?" Mwangalie. Kama anautupa kando, na ukigusa upande wa ndani wa goti unakuta pamekuwa pagumu na pana, basi ni kano.

Ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana, kamba ngumu zinazoshika mfupa wa juu na wa chini. Ile ya mbele ikikatika, mfupa wa chini unateleza kwenda mbele kila mbwa akikanyaga. Inamuuma, kwa hivyo hakanyagi. Msuli usiobeba uzito unapungua haraka sana, haraka kuliko unavyorudi. Lakini Kinanu alinieleza jambo lingine. Goti lililovimba lenyewe huuzima msuli wa mbele wa paja. Hata mbwa akitaka kuutumia, hauitiki vizuri. Ndiyo maana mbele ya paja ndiko kunakobonyea kwanza. Halafu bila huo msuli, goti linalegea zaidi, linauma zaidi, na paja linazidi kuisha. Ni mzunguko.

Nairobi kuna madaktari wanaopasua goti la mbwa. Najua hutakubali aondoke, na barabara bado ni mbaya. Kwa hivyo tufanye kwa njia ya polepole. Kwanza apumzike. Mfunge kwa kamba ndefu kidogo, penye kivuli, asikimbie wala kuruka. Dawa ya uvimbe nimempa Abdub, nimeandika kwenye karatasi jinsi ya kumpa. Usimpe ya watu. Chukua kitambaa, zungusha lile paja zima, lisiloumwa, weka fundo. Zungusha na lile gonjwa, weka fundo. Hivyo tutajua kama linarudi.

Kuhusu mbwa kukupeleka mahali, tuliache hilo kwanza. Tuanze na mguu.

Ndugu yako,
Mamo


Sericho,
8 Machi 2024

Kwa Mamo,

Salaam nyingi, na umbusu Kabale mdogo kichwani. Huku tunangoja mwezi wa Ramadhani. Sukari imepatikana, tende bado. Golicha alituma maziwa kwa kijana wa jirani, bila neno lolote.

Guracha anautupa mguu kando akikaa. Na upande wa ndani wa goti ni mgumu kama ulivyosema. Nilipogusa alinitazama tu, hakunguruma. Nafikiri alishangaa kuliko mimi.

Kitambaa nilikata kwenye shuka ya zamani ya Halkano, ile aliyokuwa akijifunika akilala nje na ngamia. Fundo la paja zima na fundo la paja gonjwa yako mbali. Unaweza kulaza vidole katikati.

Watu wanaongea. Istahil alikuja akanikuta nimepiga magoti nyuma ya mbwa na kitambaa. Akasema, "Halimo, utaswali vipi na mikono hiyo?" Nikamwambia maji yapo na udongo upo, nitaosha kama tulivyofundishwa. Akanishikia kichwa cha Guracha kwa ncha ya fimbo, nikamaliza kupima. Ni rafiki, hata akichukia.

Sasa analala kizingitini kwangu. Usiku namsikia akihema. Namwambia mambo. Namwambia Halkano alipenda chai yenye tangawizi kali mpaka macho yanatoka machozi, kama vile yeye hajui.

Mamo, ulisema ulikuwa kando ya mto mwezi wa kwanza. Hukusikia kitu? Watu wa mtoni huongea. Hukuuliza?

Halimo


Burat,
30 Machi 2024

Dada,

Ramadhani njema. Saumu zetu zinakwenda, joto ni kali. Saadia hafungi kwa sababu ya mtoto, lakini anapika kwa ajili yetu sote.

Uvimbe ukiwa umepungua, anza kumtembeza. Kamba fupi, mwendo wa polepole sana. Mbwa akienda haraka anaruka na miguu mitatu. Akienda polepole inambidi akanyage na ule wa nne. Mfanye akae na asimame, akae na asimame, hiyo inaamsha paja. Baadaye mwingize majini, yafike tumboni. Maji humbebea uzito, na kila hatua ndani yake ni kazi kwa msuli. Kinanu anasema misuli ya nyuma ya paja ina faida yake, inauvuta mfupa wa chini urudi nyuma, kidogo inafanya kazi ya ile kano iliyokatika.

Uangalie pia mguu wa kushoto. Ndio unaobeba kila kitu sasa. Mbwa wengi waliokatika kano moja hukatika na ya pili.

Uliuliza habari za Merti. Tulichanja mbuzi wengi. Watu wamepoteza mifugo na chakula ni shida.

Mamo


Sericho,
28 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Idi imepita. Nilipika wali kwa mazoea, ukawa mwingi, nikawapa watoto wa Istahil. Golicha hakuja Idi. Alituma salamu na akauliza mbwa anaendeleaje. Hakuuliza mimi naendeleaje, lakini nilijua ndivyo anavyouliza.

Ulisema maji. Uliandika neno hilo kama vile ni dawa ya dukani. Tangu Novemba sikuwa nimeenda mtoni. Nilikuwa nanunua maji kwa wenye punda, au nateka kisimani, mbali, nikizunguka ili nisiuone mto. Niliweka barua yako chini ya godoro siku nyingi. Nilimtembeza nchi kavu tu. Akae, asimame. Fundo halikusogea sana.

Halafu nikaenda. Nilichagua mahali penye mchanga, maji ya kina kifupi, yametulia. Guracha alipoona mto alianza kutetemeka mwili mzima. Nilivuta kamba, akajilaza. Nilimwita kwa jina, akageuza uso. Basi nikavua viatu nikaingia mimi kwanza, na nguo zangu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Sikutegemea hivyo, Mamo. Nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba ni baridi, kwamba mtoto wangu alipata baridi. Nilisimama pale nikalia kwa sauti, kulikuwa hakuna mtu. Nikiwa bado nalia nikahisi kitu kinagusa mguu wangu. Alikuwa ameingia mwenyewe.

Sasa tunaenda kila asubuhi. Namshika chini ya tumbo, na mkono mwingine naweka pajani. Nahisi ule msuli ukishtuka ndani ya ngozi, kama mtu anayeamka. Mbele bado pamebonyea, lakini unashtuka.

Wanasema mvua ya huko juu ni kubwa na mto utapanda tena. Tutaacha ukipanda.

Hukunijibu kuhusu Merti. Sikuuliza habari za mbuzi.

Halimo


Burat,
12 Juni 2024

Dada Halimo,

Barua yako ilifika imelowa, baada ya barabara kufunguliwa. Abdub alikwama njiani muda mrefu. Natumaini mto haukuwafikia. Hapa shamba langu dogo la mahindi lilichukuliwa nusu. Kabale anatambaa na anakula udongo.

Nimesoma mahali ulipoandika juu ya maji kuwa ya vuguvugu. Nimesoma zaidi ya mara moja. Nimeianza barua hii nikaichana, nikaianza tena.

Kinanu anashangaa kazi uliyofanya. Aliniuliza, "Huyo dada yako anamtayarisha mbwa kwa kazi gani?"

Nikasema ni mbwa wa nyumbani tu.

Akasema, "Basi abaki nyumbani. Mwambie asidanganywe na paja. Paja likirudi linapendeza macho, lakini kano iliyokatika haijaunganika. Goti limejizungushia ugumu, ndiyo maana hatetereki. Ukimpeleka safari ndefu, litakalovunjika ni lile lingine."

Nakuomba umsikilize. Atembee mpaka kisimani na kurudi. Hiyo inamtosha. Asiende mbali. Na wewe usiende mbali.

Nafikiria kuja kukuona. Kazi inanibana, lakini nafikiria. Kuna mambo ambayo ni bora watu wakiwa wameketi pamoja.

Mamo


Sericho,
14 Julai 2024

Mamo,

Salaam kwenu nyote. Pole kwa mahindi. Huku mto ulipanda ukashuka, hakuna aliyeumia.

Guracha ana mapaja mawili. Nilimpima leo, mafundo karibu yanagusana. Istahil mwenyewe aliguna akasema, "Mbwa amenenepa kuliko mwenye mbwa." Jana alimfukuza mbweha nyuma ya boma. Nilimkemea, lakini nilifurahi.

Umeandika asiende mbali. Ulijua tangu barua ya kwanza kwa nini namtaka apone. Sikumwosha na kumkanda miezi yote hii ili akae kizingitini. Istahil atanipa punda wake. Tutapanda na mto kuelekea Merti, polepole, tukipumzika kila Guracha akitaka. Mahali atakaposimama, hapo nitauliza watu.

Usijibu. Barua itakuta tumeondoka.

Halimo


Burat,
23 Julai 2024

Dada yangu,

Usiende. Namwomba Abdub aikimbize barua hii. Ningoje, nakuja mwenyewe mwisho wa mwezi, tutakwenda pamoja kwa gari. Nina neno la kukuambia ambalo sikuweza kuliandika. Nakuomba kwa jina la mama, ningoje.

Mamo


Sericho,
2 Septemba 2024

Mamo,

Msalimie Saadia na watoto. Wewe nitakusalimia mwishoni, kama nitaweza.

Barua yako ya mwisho nilipewa na Istahil niliporudi. Ilikuwa imekaa kwake.

Tulitembea asubuhi na jioni, jua likiwa kali tunakaa chini ya miti. Guracha alikwenda mbele yangu kama mwenye njia. Hakuchechemea. Nilikuwa natazama mapaja yake yakisukuma mchanga, yote mawili, na nilikuwa na furaha, nakuambia ukweli. Nilijiambia, nimefanya kitu kimoja sawasawa.

Tulifika kwenye kivuko. Nilifikiri atakwenda majini. Hakwenda. Alinusa matope, mkia ukashuka, akapanda mteremko mpaka palipo na mawe na matawi ya miiba yaliyokauka. Akajilaza kando yake, kidevu chini. Nilijua. Nilikaa nikashika sikio la Guracha, sikuwa na cha kushika kingine.

Mama mmoja wa boma la karibu alikuja na maziwa. Jina lake Qabale, karibu sawa na la mama yetu. Hakuniuliza mimi ni nani. Alimwangalia mbwa akasema, "Huyu namjua. Alikaa hapa baada ya maji, na mguu juu, hataki kuondoka kwenye kaburi. Nilimfukuza kwa mawe. Nisamehe."

Nikamuuliza, "Aliyelala hapa alikuwa amevaa nini?"

"Shati la mistari ya kijani. Na mshipi wa ngozi wenye shanga."

Ule mshipi nilimshonea mimi.

"Tulimwosha," akasema. "Wanaume walimswalia. Hatukumzika ovyo, mama."

Nikamshukuru. Nikamuuliza mbona hawakutafuta watu wake. Akashangaa. Akasema, "Lakini alikuja mtu, mwezi wa kwanza, wa chanjo ya mbuzi. Tulimwonyesha mshipi. Alikaa hapohapo ulipokaa wewe, akalia mpaka wenzake wakaja kumshika. Alisema ni mtoto wa dada yake. Alisema ataleta mama. Tulikungoja. Tukafikiri labda wewe ni mgonjwa."

Nilimrudishia Qabale maziwa yake.

Uliniandikia habari za msuli wa mbele na misuli ya nyuma. Barua nzuri. Nilikuwa nazisoma kwa sauti, Guracha akinisikiliza. Nilikuuliza mara mbili, ukanijibu mbuzi wengi wamechanjwa. Halkano alikuwa akikuita abuya mbele ya watu, kwa kujisifu, kwamba mjomba wake ni daktari. Wewe ulikaa kwenye kaburi lake ukalia, halafu ukaondoka na kilio changu mfukoni.

Tulipokuwa tunarudi, njiani tu, hakuruka wala hakukimbia, mguu wa kushoto ulimwacha. Alitoa sauti moja akakaa. Kinanu alisema kweli. Watu wa Qabale walinisaidia kumpandisha juu ya punda. Sasa yuko kizingitini, hawezi kusimama. Anajikokota kwa miguu ya mbele, anajichafua, ananitazama kama mwenye aibu. Na yale mapaja tuliyoyajenga yameanza kuisha tena, yote mawili pamoja.

Nimeshindwa kukusalimia.

Halimo


Burat,
11 Septemba 2024

Dada Halimo,

Sina la kujitetea, na yote aliyokuambia Qabale ni kweli. Nilitoka pale nikiwa na nia ya kuja moja kwa moja Sericho. Barabara ya kutoka Merti kuja kwenu ilikuwa imekatika, nikarudi nyumbani kwanza, na mezani palikuwa na barua yako. Uliandika, "Sijakubali." Nikasema nitangoja mguu upone. Mguu ulipoanza kupona, niliona kwenye maandishi yako kwamba na wewe unaamka asubuhi, unatoka, unakwenda mtoni, unagombana na Istahil. Nikaogopa kukuangusha. Kila mwezi ilikuwa vigumu zaidi kuliko mwezi uliopita. Hiyo ndiyo sababu, na haitoshi, najua.

Nimemwambia Kinanu habari za Guracha. Akasema mbwa wa umri wake, magoti yote mawili, na huko mbali na matibabu, tusimsumbue zaidi. Kuna sindano. Analala kwanza, hasikii chochote, ndipo moyo unasimama. Sitamtuma mtu. Nitakuja nayo mwenyewe na pikapu ya Abdub wiki ijayo. Usiponitaka ndani ya nyumba nitalala kwa Istahil. Usiponitaka hata kwa Guracha, nitakuachia maelezo nikae nje.

Na kama utakubali, tutaendelea na gari mpaka kwenye kivuko, mimi na wewe. Mahali pale hapafai mtu kwenda peke yake.

Ndugu yako,
Mamo


Sericho,
20 Oktoba 2024

Ndugu yangu Mamo,

Assalamu aleikum. Mwambie Saadia asante kwa kanga na majani ya chai. Mwambie Kabale shangazi yake amesikia kwamba amesimama.

Nilifurahi kwamba hukuongea ulipokuja kumlaza Guracha. Nilikuwa nimeogopa utaniambia maneno. Ulimnyoa kidogo mguuni, ukachoma sindano, na kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na sikufikiria habari ya kuosha nguo. Alihema kwa nguvu, halafu polepole, halafu nikaona wewe ndiye unayetetemeka. Pale kivukoni pia nilifurahi ulivyopanga mawe bila kusema kitu. Bado nina hasira nawe. Inakuja nikiteka maji au nikisuka mkeka. Lakini ulipoondoka niliingia nyumbani nikakuta bakuli lako la chai, na sikuliosha mpaka kesho yake.

Nakuandikia kwa sababu Golicha amerudi. Alikuja na ngamia juzi, jua likishuka, bila kutuma habari. Amekonda na ndevu zimekuwa nyeupe. Alifunga ngamia, akanawa, akaketi, nikampa maziwa. Akaangalia kizingiti akauliza, "Mbwa yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kidogokidogo. Habari za goti la kwanza, za paja, za mtoni, za goti la pili. Nilianza hivyo. Nilimweleza jinsi paja lilivyokuwa bapa na jinsi lilivyorudi, nikaona ananisikiliza tu kwa upole, kama mtu anayengoja mwingine amalize kufunga mzigo. Nikaacha katikati.

Nikamwambia, "Golicha, mtoto wetu amekufa. Nimeona kaburi."

Akaweka maziwa chini. Akasema, "Najua, Halimo. Nilijua siku ile mbwa alipoingia peke yake. Nilikuwa nangoja wewe ujue, ndipo nirudi nyumbani."

Tukalia usiku ule pamoja, mara ya kwanza tangu Novemba. Asubuhi aliniomba nimwonyeshe njia ya kivukoni. Tunaondoka kesho.

Dada yako,
Halimo